Ndama Thelathini na Mmoja

Jumatatu, 18 Machi 1957

Leo mvua ya masika imefika huku juu ya Njoro, na leo naanza daftari hili. Sababu ni moja. Mwaka jana Bwana Tarrant, mwenye shamba, alitamka jambo mwezi wa tano akalikana mwezi wa saba, na sisi wa kambini hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha. Nilifundisha shule ya misheni miaka ishirini na miwili. Niliwachapa watoto wa watu kwa kuandika insha isiyo na tarehe. Ni aibu mtu kama mimi kushindwa kwa kukosa tarehe.

Basi na yaandikwe. Mimi ni Jonah arap Kosgei, mzee wa kambi ya wafanyakazi, siku za juma nafundisha watoto wa kambi kusoma, na Jumapili naongoza ibada. Maboma yetu ni tisa, Wakipsigis watupu, tangu Waithaka, jirani yetu Mkikuyu, na jamaa zake walipopakiwa na serikali kwenye malori mwaka wa 1953. Tunamfanyia Bwana kazi, naye anatuacha tukae na tufuge. Mkataba unasema ng'ombe watano kwa kila boma. Mwaka huu ameongeza neno: hata ndama wa juzi atahesabiwa. Hesabu itafanywa mwezi ujao. Ng'ombe wa ziada watachukuliwa, na mwenye kuzidisha atafukuzwa.

Hakuna boma lenye watano. Langu lina wanane.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Watoto kumi na wanane darasani. Paa linavuja mahali palepale.

Jumanne, 2 Aprili

Kiptanui aliita watu nyuma ya boma lake. Huyu ni jirani yangu, dereva wa trekta, mtu wa pombe na kelele. Huja kanisani siku ya Krismasi tu, na siku hiyo huimba kuwashinda wote.

"Wazee," alisema, "Bwana huhesabu kwa macho. Asichokiona hakihesabiki. Ng'ombe wakubwa hatuwezi kuwaficha, lakini ndama tutawaficha."

Nikamwuliza, "Utawaficha wapi, mfukoni?"

"Kanisani kwako, Mwalimu."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nyumba tunayoitumia kwa shule na kwa ibada ilikuwa zamani ya kukaushia maua ya pareto. Imesimama peke yake nyuma ya miti ya miwati, imejengwa kwa mbao zilizobanwa ili joto lisitoke, na madirisha yake ni manne, kila moja kama karai. Bwana hajafika huko miaka mitatu. Ufunguo ninao mimi.

Nilisema hapana. Nilisema nyumba ya Mungu si zizi.

Ndipo Chepchirchir akainua kichwa. Ni mjane, ana ng'ombe watano pamoja na ndama mmoja, na ndama wake wa pili ndiye wa sita. "Mwalimu," akasema, "hebu nikumbushe. Mwokozi wako alizaliwa wapi?"

Nikakubali. Ninaandika wazi kwamba nilikubali.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumewaingiza alfajiri. Kila boma limeacha ndama mmoja nje ili isionekane ajabu ng'ombe kukamuliwa bila ndama. Waliobaki nimewahesabu mlangoni: thelathini na mmoja. Wengine wana miezi sita, wengine bado wana kitovu kibichi. Tumeziba madirisha kwa magunia ili mlio usisikike. Wanawake wanaleta maziwa chini ya kanga, na ndama wote wanakunywa katika ndoo mbili zilezile, mdomo baada ya mdomo.

Ndama mmoja wa Kiptanui alitoka kwa shemeji yake Molo siku nne zilizopita. Pua yake inatoka kamasi. Nimeliona hilo. Sikusema, kwa sababu mlango ulikuwa lazima ufungwe kabla jua halijatoka.

Jumatano, 10 Aprili

Bwana amehesabu jana na leo. Kila boma: watano, watano, watano. Alinitazama akasema, "Mwalimu, watu yako mwaka huu nakuwa mzuri sana." Ndivyo anavyokisema Kiswahili, nami nitayaandika maneno yake kama alivyoyatamka, yasije yakasemwa kuwa yangu.

Jioni tumewafungulia ndama. Walitoka wakipepesuka kama watu wa harusi. Ndani, kuta zilikuwa zikitiririka maji kama ubavu wa sufuria ya chai, na hayakuwa maji ya mvua. Zilikuwa pumzi zao. Mkojo uliniwasha macho hadi nikatoka nje.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimesugua sakafu mara tatu. Harufu haijatoka.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Ndama wa Chepchirchir anakohoa.

Pasaka, 21 Aprili

Bwana amefufuka. Ndama sita wanakohoa. Mmoja alikohoa nje ya dirisha wakati wa mahubiri, na hakuna aliyegeuza shingo, kwa maana sote tulikuwa tukimsikiliza yeye.

Jumanne, 23 Aprili

Sasa ni kumi na wanne, katika maboma yote tisa. Kwanza macho yanatoa machozi na pua maji. Halafu homa, masikio yanakuwa moto mkononi. Kisha ndama anasimama amenyoosha shingo, miguu ya mbele ameitanua, na mbavu zinakwenda mbio ingawa hakimbii. Hataki ziwa.

Nimeamuru waingizwe ndani ya nyumba, milango ifungwe, na moto wa mwerezi uwashwe. Kichomi hutokana na baridi, ndivyo tulivyofundishwa. Mke wangu Chepkurui hakukubali.

"Baba Esther, wewe ukiwa na kikohozi unakaa jikoni?"

"Mimi si ndama."

"Hapana. Ndama angeondoka penye moshi."

Nilimwambia afanye kama nilivyosema. Akafanya, huku akivifunika vyungu kwa kelele.

Alhamisi, 25 Aprili

Wamekufa watatu, wote waliokuwa ndani penye moto mkubwa.

Nimempasua mmoja, wangu mwenyewe, na Kiptanui amenishikia miguu. Ninaandika nilichokiona. Mapafu yote mawili, upande wa mbele na wa chini, yalikuwa mekundu meusi na magumu kama ini. Upande wa nyuma yalikuwa ya waridi na laini. Nilikata vipande viwili nikavitia katika karai la maji. Cha nyuma kilielea. Cha mbele kilizama kama jiwe.

Nilikuwa kijana wa kutahiriwa karibuni wakati homa ya mapafu ilipomaliza ng'ombe wa baba yangu, ule ugonjwa mkubwa unaofagia nchi nzima. Nilimwona babu yangu akipasua. Walikufa wakubwa, wenye pembe zao. Pafu gonjwa lilikuwa la upande mmoja, limegandamana na mbavu, lenye mistari kama jiwe la mto, na kifua kilijaa maji ya manjano, ndoo nzima. Ndama hawakuwa na kikohozi kikali, walivimba magoti. Hiki nilichokiona leo si kile.

Lakini mimi ni mwalimu wa kusoma na kuandika. Nani atanisadiki?

Jumamosi, 27 Aprili

Bwana Tarrant amesikia. Amekuja na Landrova hadi katikati ya kambi, hakushuka.

"Mwalimu! Ng'ombe yako iko na ugonjwa ya mapafu."

"Ni ndama, Bwana. Wakubwa wote ni wazima."

"Hapana leta maneno mingi. Mimi iko na ng'ombe ya gredi, ya Ulaya, mia mbili. Hii takataka ya kambi nakwisha ua ng'ombe yangu? Ijumaa mimi naleta bunduki. Ng'ombe yote ya kambi, kubwa na toto, nakufa. Nyinyi nachimba shimo."

Nikasema, "Daktari wa mifugo hajawaona."

"Daktari ya nini? Mimi iko na macho."

Akageuza gari juu ya viazi vya Chepchirchir akaenda.

Ng'ombe wote wa kambi ni arobaini na watano kwa hesabu yake, mbali na ndama tuliowaficha. Ndio maziwa yetu, ndio mahari ya wana wetu, ndio sababu ya sisi kukaa katika shamba la mtu na kuitwa hivi anavyotuita. Mtu asiye na ng'ombe hapa ni kibarua wa mwezi mmoja. Anafukuzwa kwa kidole. Bwana anajua hivyo. Nadhani alilijua kabla ndama hawajakohoa.

Jumapili, 28 Aprili

Baada ya ibada watu walibaki. Wengine walikuwa tayari wamechukua majembe, wakisema bora tuchimbe shimo kwa adabu, huenda akatuachia wawili wawili.

Nilisema, "Hakuna atakayechimba. Atakayeinua jembe simbatizii mtoto."

Kiptanui akasema, "Mwalimu, vitisho vyako ni vya mbinguni. Bunduki iko hapa."

"Basi mimi nakwenda Njoro kwa mganga wa mifugo."

"Ukamwambie nini? Atauliza ndama wa maboma tisa waliugua vipi siku moja. Utamwambia walikutana sokoni?"

"Nitamwambia ukweli."

Hapo kelele zikaanza, na Kiptanui alizipita zote. Aliniita msaliti. Alisema nitawatoa watu wa maboma tisa ili nibaki na roho safi kama shati la Jumapili. Nilimwacha amalize. Nikamwambia kwamba ugonjwa haupimwi kwa uongo. Ukimficha mganga chanzo, atakupa jina la ugonjwa mwingine, na jina hilo ndilo litakalotuua Ijumaa. Bwana anataka uitwe ugonjwa mkubwa. Tukinyamaza kuhusu nyumba ya pareto, tunamsaidia.

Hakuna aliyesema ndiyo. Sikuwaomba waseme.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimetembea hadi Njoro katika mvua. Msaidizi wa daktari wa mifugo hapo ni Mjaluo anayeitwa Dalmas Owino, kijana wa miaka kama thelathini, mwenye baiskeli na mfuko wa ngozi. Nyumbani kwake ni Bondeni, mjini Nakuru, ila siku za kazi hulala Njoro. Nilimkuta anakula mhogo. Anachanganya ngeli zote na nilimhukumu kabla hajameza tonge.

Alinisikiliza bila kunikata. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mzee, hawa ndama ya maboma tisa, walikutana wapi?"

Nikamwambia yote: magunia, ndoo mbili, siku tatu, yule wa Molo mwenye kamasi. Nilimwambia ufunguo ni wangu.

Aliweka mhogo chini. "Mzee, unajua lazima niandike hiyo?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa mtu anayeandika."

Jumanne, 30 Aprili

Dalmas amefika saa tatu asubuhi, matope hadi magotini. Amefanya kazi hadi jioni bila kukaa, ila kunywa uji wa Chepkurui akiwa amesimama. Alipima homa ya ndama kwa kipimajoto, mmoja mmoja. Alishika magoti yao yote, hakuna lililovimba. Aliweka sikio kwenye mbavu za ng'ombe wakubwa, akawatoa damu shingoni katika vichupa. Ndama mwingine alikufa saa sita, wa Chepchirchir. Alimpasua pale pale, akakata vipande vya mapafu akavitia chupani, ili vyote vipelekwe kwa gari moshi la kesho hadi maabara ya serikali, Kabete.

Chepchirchir alisimama juu yake muda wote. Alipomaliza, akamwuliza, "Umeona nini, mwanangu?"

"Mama, nadhani si ile ugonjwa kubwa. Lakini kudhani si kazi yangu. Kabete watasema."

"Na huyu aliuawa na nini?"

Alinawa mikono kabla ya kujibu. Nitaandika jibu lake kwa Kiswahili changu. Alisema mapafu ya ndama huvamiwa mara mbili. Kwanza huingia vijidudu vidogo mno, ambavyo hadubini haivioni. Hivyo hudhoofisha tu. Nyuma yake huja vingine vikubwa zaidi, ambavyo siku zote hukaa puani mwa ndama mzima bila kumdhuru. Vikikuta pafu limedhoofika, vinashuka, na hivyo ndivyo vinavyoua. Na kinachovipa nguvu vyote ni nyumba iliyofungwa, hewa iliyotumika, mkojo, na ndama wa mama mbalimbali wakipumuliana.

"Baridi je?" nikauliza.

"Mzee, baridi kavu haina shida. Toa wao nje. Weka paa juu ya kichwa, majani kavu chini, na ukuta hapana. Kila boma ndama zake peke yake, ndoo yake peke yake. Na hii moshi, tafadhali!"

Chepkurui alikuwa mlangoni. "Haya," akasema. "Neno langu lilikuwa halina baiskeli."

Alistahili kusema hivyo, na nimemwambia hivyo baadaye, tulipokuwa wawili.

Ametuachia vidonge vya salfa kwa wenye homa, na karatasi yenye muhuri: mnyama yeyote wa kambi hii asihamishwe wala asiuawe mpaka jibu la maabara lifike.

Alhamisi, 2 Mei

Ndama wote wako nje. Sina mbao wala mabati ya kutosha kuwajengea banda. Asubuhi nilisikia nyundo. Kiptanui alikuwa juu ya nyumba yake akiong'oa mabati, yale aliyojisifia miaka miwili. Nilimwuliza watoto wake saba watalala wapi.

"Chini ya nyasi, kama baba yangu. Mwalimu, usinitazame hivyo. Shika ngazi."

Nikashika ngazi.

Ijumaa, 3 Mei

Bwana Tarrant alifika saa nne. Alileta bunduki, na watu sita wa upande wa ngano wenye majembe, kwa kuwa hatukuchimba.

Tulikuwa tumesimama mbele ya ng'ombe, maboma yote tisa, wanaume na wanawake. Sikuwapanga. Nilipotoka nyumbani niliwakuta wamesimama tayari. Nilikuwa nimevaa koti la kufundishia na tai.

Alisema, "Toka."

Nilifungua karatasi nikaisoma kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza, polepole kama imla, tangu tarehe hadi muhuri.

"Hiyo karatasi ya mtu mweusi."

"Muhuri ni wa serikali yako, Bwana. Ukipiga risasi hata moja, hutakuwa umeivunja amri yangu."

Uso wake ulibadilika rangi. Aliinua bunduki, si usoni mwangu, bali kuelekea ng'ombe wa kwanza, mweusi mwenye kiraka, wa Chepchirchir. Chepchirchir akasogea akasimama mbele ya kichwa cha ng'ombe.

"Anza na mimi, Bwana," akasema. "Mimi pia nakohoa."

Akakohoa. Mtu mmoja wa upande wa ngano akacheka, akaziba mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Hao sita wakaweka majembe chini mmoja baada ya mwingine, kana kwamba wamechoka ghafla.

Bwana aliteremsha bunduki. Akasema, "Mwalimu, mimi nahesabu toto tisa mwezi ya nne. Leo naona toto mingi. Hii natoka wapi?"

Nilijua swali hilo litakuja. Nilikuwa nimelala na jibu lake siku tano.

"Tuliwaficha," nikasema. "Ndama thelathini na mmoja, siku tatu, katika nyumba ya pareto. Ndiko walikougulia. Nimeyasema haya kwa serikali, na sasa nakuambia wewe."

"Wewe? Mtu ya kanisa?"

"Mtu wa kanisa. Nilikosa kwa Mungu, kwa sababu nilidanganya. Nilikosa kwa ndama, kwa sababu niliwanyima hewa. Kwako wewe sijaona bado nilipokosa. Mtu mwenye mia mbili akihesabu kitovu cha ndama wa mjane, sijui ataomba aombwe radhi kwa neno gani."

Sikupanga kusema hilo la mwisho. Ninaliandika kwa sababu nililisema, na silifuti.

Alisema atangoja jibu la Kabete, na kwamba baada ya hapo atanionyesha. Akaenda.

Gari lilipopita mwerezi, nilikunja karatasi nikairudisha mfukoni.

Jumamosi, 4 Mei

Wamekufa wawili. Wengine watatu wamekubali ziwa.

Jumanne, 7 Mei

Mvua ya mawe. Ndama chini ya mabati ya Kiptanui ni wakavu. Mwenyewe hakuwa mkavu.

Jumamosi, 11 Mei

Amekufa mmoja, sasa ni saba. Kiptanui amekaa na ndama wake mdogo tangu asubuhi akimnywesha kwa kidole. Hakunywa pombe juma zima. Nilitaka kumsifu, nikaona sifa yangu itamrudisha kwenye kibuyu, nikamletea uji.

Jumanne, 14 Mei

Wawili tena. Tisa.

Ijumaa, 17 Mei

Hakuna aliyekufa. Hakuna mgonjwa mpya tangu tarehe nane.

Jumatatu, 20 Mei

Dalmas alikuja akipiga kengele ya baiskeli tangu chini ya kilima, na mtu hapigi kengele hivyo kwa habari mbaya. Damu ya ng'ombe wakubwa ni safi. Ugonjwa mkubwa haumo kambini, haukuwamo. Mapafu ya ndama yana bakteria wa kichomi, wale wa puani. Walioingia kabla yao maabara haikuwaona, na imeandika hivyo bila haya: *chanzo cha kwanza hakijulikani.* Nimeipenda maabara hiyo. Ni wachache wanaoweza kuandika kwamba hawajui.

Nilimwomba Dalmas msamaha. Aliuliza wa nini. Nikasema kwa jambo nililolifikiri siku ya mhogo. Akacheka, akasema mhogo wenyewe ulikuwa mbaya.

Jumatano, 22 Mei

Bwana aliita wanaume wote ofisini. Ng'ombe hawezi kuwaua tena, kwa hiyo ameshika mkataba. Ndama wote wa ziada waondoke shambani kabla ya tarehe pili Juni. Halafu akasema, "Nani nafanya hii shauri ya kuficha? Huyo naondoka na boma yake. Kama hapana sema, boma tatu naondoka."

Kiptanui alivuta pumzi kando yangu. Nilisema haraka, "Mimi."

"Wewe hapana. Wewe iko mjinga ya vitabu. Nani nakuambia?"

"Mlango niliufungua mimi. Andika jina langu. Nikusaidie herufi?"

Aliandika.

Njiani Kiptanui alinishika mkono. "Mwalimu, mdomo uliotoa shauri ni huu."

"Shauri lilikuwa lako. Mlango ulikuwa wangu. Bila ufunguo ungeongea hadi Krismasi."

"Narudi kumwambia."

"Una watoto saba, na nyumba yako haina paa. Mimi na Chepkurui tuna ndugu upande wa Kericho, na ndugu yangu ana nafasi. Nyamaza."

Miaka kumi na mmoja nimemwambia mtu huyu anyamaze. Leo ndiyo mara ya kwanza amenyamaza, na sikufurahi.

Ijumaa, 24 Mei

Nimempelekea Chepchirchir mtamba wangu, aliyepona. Wa kwake alifia katika kosa langu. Ng'ombe wake mmoja mzee atakwenda nami, ili wabaki watano na Bwana asipate neno.

Alimzunguka mtamba mara mbili, akamtazama meno.

"Nitampokea," akasema. "Lakini sitakushukuru."

"Sikuja kushukuriwa."

"Vizuri. Kaa, unywe maziwa."

Alhamisi, 30 Mei

Tumefunga mizigo. Watoto wa darasa wameniletea mayai. Nimewaambia waendelee na jedwali la kuzidisha kwa saba.

Jumamosi, 1 Juni

Tulitoka saa tatu, mchana kweupe, kwa barabara kuu ya shamba, si kwa njia ya nyuma. Mimi, Chepkurui, ng'ombe wetu, yule ng'ombe mzee wa Chepchirchir, na ndama ishirini na mmoja wa ziada wa maboma yote, ambao wenyewe watawafuata kwa jamaa zao huko Kericho. Kibali cha Dalmas kilikuwa mkononi mwangu, na kila ndama ameandikwa humo kwa rangi yake na jina la mwenyewe. Kiptanui aliomba kutusindikiza hadi Elburgon.

Bwana Tarrant alikuwa langoni, mikono mfukoni. Aliwatazama ndama wakipita, mmoja mmoja, ishirini na mmoja.

"Hapana fika Elburgon," alisema. "Kifua kwisha haribika. Kilima nakwisha ua yote."

Nilivua kofia kwa kuwa nilifundishwa hivyo, nikapita.

Kilima hicho ni kirefu. Mvua ilikuwa imekatika na hewa ilikuwa baridi na safi. Katikati ya mpando walisikia harufu ya majani mapya juu, na yule mdogo wa Kiptanui, aliyenyweshwa kwa kidole, akainua mkia akaanza kukimbia. Wengine wakamfuata. Kiptanui akapiga yowe, Chepkurui akakunja nguo akakimbia nyuma yao, nami nikakimbia pia, na koti langu na tai, mtu wa miaka sitini na mitatu.

Nimeketi sasa juu, kando ya barabara, naandika juu ya goti. Wako mbele yangu wanakula. Nimewasikiliza muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayekohoa.

Anayehema ni mimi.